Gari Lako Limechoka, na Utakalonunua Je?

Ukikaa na gari la Kijapani hapa Dar es Salaam kwa muda wa kutosha, itafika siku fundi atakuandikia orodha ya spea ambayo jumla yake itakukausha koo. Giaboksi inagonga ukiweka D, shokapu zinavuja, injini imeanza kula oili, na dashibodi inaonyesha kilomita zimeshapita laki mbili. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Jirani atasema liuze hilo, vuta jingine. Wa ofisini atasema ongeza hela kidogo uchukue Harrier. Fundi naye atasema tushushe injini, tufunge nyingine ya Japani. Wote wana nia njema, na wote wanaruka swali lenyewe.

Wengi wetu tumezoea kuuliza kama matengenezo yanazidi thamani ya gari. Kuna hata kanuni inayozunguka kwamba bili ikipita nusu ya bei ya gari, achana nalo. Kanuni hiyo ina mantiki kwenye nchi ambako mtu akiachana na gari kuukuu anaweza kwenda dukani kuchukua jipya la kiwandani, lenye dhamana ya miaka kadhaa, kwa mkopo wa riba ndogo. Sisi hatupo huko. Kwa mwalimu, nesi, karani au mfanyabiashara wa Kariakoo, kubadili gari maana yake ni kuacha gari kuukuu analolijua na kuchukua gari kuukuu asilolijua. Mizani inabadilika kabisa hapo. Ndiyo maana nashikilia kwamba gari lililochoka lakini lenye chesisi na bodi nzima, mara nyingi linastahili kutengenezwa hata kama bili inatisha, na lililooza au kupinda chesisi halistahili hata shilingi moja, hata kama injini yake inanguruma vizuri.

Soko letu lina kawaida ya kupima umri wa gari kwa herufi ya namba. Chukua IST, gari dogo la Toyota: "IST namba D" inasikika kama kitu kipya kuliko "IST namba B", na bei inafuata hapohapo. Lakini herufi inaonyesha gari limesajiliwa lini nchini, haionyeshi limetengenezwa lini. IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Hata ile iliyoshuka bandarini juzi ikapewa namba E, kama ni ya umbo hilo, ni ya miaka ileile na ya jirani yako aliyenunua zamani. Kinachozitofautisha ni miaka ambayo moja imekanyaga mashimo, vumbi na foleni ya Mbagala, huku nyingine ikikanyaga lami ya Japani. Tofauti hiyo ina uzito, siikatai. Mpira wa bushi, waya, plastiki na sili za injini, hata hivyo, huzeeka kwa miaka vilevile, na miaka haijali gari lilikuwa wapi.

Tujiulize pia kwa nini Wajapani wanayaachia. Kule kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na mwenye gari hulipia kila kitu. Gari la petroli likifikisha miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo hupanda. Kwa hiyo magari mengi yanatoka kule kwa sababu ya gharama ya kuyaweka barabarani, wala si kwa sababu yameharibika. Hiyo ni neema kwetu. Kasoro ni kwamba yakipanda meli, historia yake hubaki nyuma. Karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi gari linapouzwa kule Japani, ndiyo yenye siri nyingi: gari lenye alama ya 4 au 3.5 ni la kawaida lililotunzwa, na lenye R limewahi kugongwa likatengenezwa. Ukienda yadi ukaomba karatasi hiyo na muuzaji akaanza kuzungukazunguka, umeshapata jibu. Kilomita nazo zisikulaze usingizi. Gari la 2005 linaloonyesha kilomita 68,000 linaweza kuwa la kweli, maana wapo wazee kule wanaoendesha hadi sokoni na kurudi tu. Lakini kama usukani umepauka na kung'aa, mpira wa pedeli ya breki umelika upande mmoja na kiti cha dereva kimebonyea, amini hivyo kuliko dashibodi.

Halafu kuna kodi, na hapa ndipo hesabu ya kubadili gari inapokuwa nzito kuliko watu wanavyodhani. Tanzania haizuii gari kuingia kwa sababu ya umri kama Kenya, ambako aliyeagiza mwaka 2025 alitakiwa gari la 2018 au jipya zaidi, wala kama Uganda, iliyopiga marufuku mwaka 2018 magari yaliyopita miaka 15. Sisi tunaadhibu umri kwa kodi. Chukua gari la injini ya cc 1,500 lililopita miaka 10, ambalo Mamlaka ya Mapato (TRA) imelithamini kwa shilingi milioni 10 pamoja na usafiri na bima ya njiani. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5, jumla milioni 12.5. Juu ya jumla hiyo unaweka ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini na asilimia 30 nyingine kwa uchakavu. Kisha VAT asilimia 18 inapita juu ya vyote. Ukimaliza umekaribia milioni 10 nyingine, kabla ya tozo ndogondogo, usajili, bandari na wakala. Yaani nusu ya hela uliyotoa haimo ndani ya gari. Haipo kwenye injini, haipo kwenye tairi, na siku ukiliuza hairudi yote.

Gari ulilonalo limeshalipiwa kodi hiyo. Na tangu mwaka 2017 serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, kulimiliki hakukudai chochote serikalini likiwa limeegeshwa. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 118,000 kwa mwaka. Gari unalolinunua leo kwa mamilioni utataka kulikatia bima kubwa, na utakuwa umefanya vyema.

Dada yangu ana IST ya 2004, namba C, kilomita kama 230,000. Fundi wake alimwandikia milioni 3.4: giaboksi ya Japani milioni 1.1, shokapu zote nne, bushi za mikono ya chini, boljointi, tairi mbili, na makorokoro mengine. Gari kama lilivyokuwa, dalali alimwambia litatoka kwa milioni 4.5, kwa maelewano. Kwa kanuni ile ya nusu ya bei, jibu ni liuze. Alikuwa ameshaanza kuulizia mkopo wa milioni 12 ili aongezee.

Tulikaa tukapiga hesabu kwa mwezi, na hiyo ndiyo hesabu ninayoiamini. Mkopo wa milioni 12 kwa miaka 3, kwa riba ya asilimia 15 inayopungua kadiri unavyolipa, ni kama shilingi 416,000 kila mwezi. Milioni 3.4 ukiigawanya kwa miezi 24 ni kama 142,000. Ukiongeza 100,000 kila mwezi kwa ajili ya yatakayojitokeza, kwa sababu gari la umri huo litajitokeza tu, bado uko kwenye 242,000. Na lile la mkopo nalo litataka oili, breki na tairi kuanzia mwezi wa kwanza. Gari kuukuu lingehitaji kumharibikia vibaya sana, tena mara kwa mara, ndipo lifikie gharama ya hilo jingine.

Kabla hajatoa hela tulilipeleka kwa fundi wa pili. Huyu hakuanza na bei. Alichomoa kijiti cha kupimia haidroliki ya giaboksi, akakifuta kwenye kitambaa cheupe, akakinusa. Ilikuwa kahawia yenye wekundu, si nyeusi, na haikunuka kuungua. Akafungua boneti, akaweka mtalimbo chini ya injini na kuisukuma taratibu. Injini ikanyanyuka kama vidole vitatu, na tukaona mpira wa maunti ya mbele, yaani kishikizo cha injini, umechanika wote. Kila dada alipoweka D, injini ilikuwa inaruka na kupiga fremu, na sauti hiyo ndiyo iliyoitwa giaboksi. Maunti tatu na kubadilisha haidroliki vilikuwa kama 350,000. Bili ikashuka hadi milioni 2.65.

Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu naamini hela nyingi tunazosema zimeliwa na gari bovu zimeliwa na kubahatisha. Gari linatetemeka, tunabadilisha plagi. Halijapona, tunabadilisha koili. Bado, tunasafisha nozeli. Mwisho wa mwezi mtu ametumia laki tano kutibu ugonjwa usiokuwepo, kisha anasema gari limechoka. Kabla ya kuamua kulitengeneza au kuliuza, lipia kwanza kupima. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda ipimwe na iandikwe. Mashine isome namba za hitilafu, na mtu anayejua azitafsiri. Rejeta ipimwe kwa presha. Gari linyanyuliwe uangalie chini mwenyewe. Gharama ya yote hayo haifiki bei ya shokapu moja mpya ya maana, na ndiyo itakayokwambia kama mamilioni yako yanaenda kwenye ugonjwa au kwenye dalili.

Injini ya IST, iwe ya 1,300 au ya 1,500, inatumia cheni badala ya mkanda, na ikitunzwa inavuka kilomita laki tatu bila kushushwa. Sisi wenyewe ndio tunaoiua mapema. Fundi anaondoa thamostati kwa sababu "huku ni joto". Maji ya kisima yenye chumvi, yale ya Mbezi au Kigamboni, yanamiminwa kwenye rejeta badala ya kulanti, na baada ya miaka michache njia za maji zimejaa kutu. Oili nzito ya 20W-50 inawekwa kwenye injini iliyotengenezwa kwa 5W-30, halafu tunashangaa VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa vali kufunguka, inasumbua. Gari lililopitia hayo kwa miaka kumi ni tofauti kabisa na lenye kilomita zilezile lakini lililotunzwa. Ndiyo maana idadi ya kilomita peke yake hainiambii kitu. Niambie limewahi kuchemka mara ngapi.

Injini kula oili ni kesi inayohitaji kutazamwa kwa mtindo na aina. RAV4, Harrier na Alphard nyingi za injini ya 2,400 zinazozunguka mjini zina injini ya 2AZ. Kwa magari ya miaka fulani yenye injini hiyo, Toyota ya Marekani ilikubali kubadilisha pistoni na ringi kwa wateja wake kwa sababu ya ulaji wa oili. Huo ni udhaifu wa muundo. Kumwaga oili ya kuongezea kila wiki hakuuponyi, na kufunga injini nyingine ya aina hiyohiyo kutoka kwenye rundo la spea za Ilala kunaweza kukurudisha palepale. Kwa anayetoka kwenye IST ili "apande daraja" hadi Harrier ya zamani, hili ni jambo la kulijua kabla ya kusaini mkopo. Atatoka kwenye injini ndogo yenye sifa nzuri na kuingia kwenye kubwa yenye historia hiyo, kisha kila akipita kituoni petroli inamkumbusha.

Kwa kufunga injini ya mtumba kwa ujumla, msimamo wangu ni wa tahadhari. Ni suluhisho zuri injini yako ikiwa imepasuka bloku au kusaga krenki, na gari lililobaki ni zima. Lakini injini hiyo nayo ni kuukuu, nayo haina historia, na dhamana ya muuzaji mara nyingi huishia unapotoka dukani. Dai isikilizwe ikiwaka na ipimwe kompresheni kabla ya kufungwa. Na usisahau kwamba namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza au siku ya ajali utajieleza.

Kuna uboreshaji mwingine ambao umewavutia wengi Dar, wa kufunga mfumo wa gesi asilia. Hapa hesabu inategemea unatembea kiasi gani. Kilo moja ya gesi ina nguvu kama ya lita 1.4 za petroli. Tuseme petroli ni 3,000 kwa lita, gesi 1,550 kwa kilo, na kufunga kumekugharimu milioni 2. Mwenye teksi mtandao anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi, gari likienda kilomita 12 kwa lita, anaokoa karibu 235,000 kila mwezi. Hela yake imerudi ndani ya miezi tisa. Anayetoka Tabata kwenda Posta na kurudi, kilomita 500 kwa mwezi, anaokoa kama 78,000, na itamchukua zaidi ya miaka miwili, ukiacha muda wa kupanga foleni kituoni. Kwake, na gari la miaka 20, mimi nisingeweka. Na hata kwa dereva wa teksi, gesi isifungwe kwenye injini yenye kompresheni hafifu, koili zilizochoka na vali zinazovuja. Gesi inadai cheche nzuri na injini yenye afya. Kufunga mtungi wa presha ya bar 200 kwenye gari lenye springi za nyuma zilizolala ni kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Sasa lini uachane nalo? Chesisi kwanza. Magari yaliyotoka kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu tayari. Hapa yanakutana na hewa ya bahari, na Zanzibar hali ni ngumu zaidi. Kutu ya juu ya mlango ni sura tu. Kutu kwenye reli za chini, kwenye mashikio ya suspensheni na kwenye mabomba ya breki ni hatari ya maisha, na kuchomelea bati juu yake ni kuificha. Gari lililowahi kugongwa likapinda, linalokula tairi upande mmoja hata baada ya alaimenti, liko kundi hilohilo.

La pili halizungumzwi kabisa kwenye gereji zetu, nalo linanikera. Eabegi za kampuni ya Takata ziliwekwa kwenye mamilioni ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyinginezo. Baruti yake inaharibika kwa umri, joto na unyevu, na ikilipuka vibaya hurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Vilipuzi karibu milioni 100 viliitwa virudishwe duniani, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto, unyevu na umri ndiyo Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Magari mengi yaliondoka Japani kabla ya kubadilishiwa, na hakuna anayewafuata wenyewe huku. Ukiamua kubaki na gari lako, au ukitaka kununua jingine, chukua namba ya chesisi uiangalie kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza. Kama eabegi haikubadilishwa na hakuna wa kuibadilisha, nisingemweka mtoto wangu nyuma ya usukani huo, hata kwa gari la bure.

La tatu ni kazi. Anayeishi kwa gari lake hapimi kwa bili ya fundi peke yake. Gari la teksi likikaa gereji wiki moja, marejesho ya siku na ada ya watoto vimekaa nalo. Huyu anaweza kuwa na haki ya kubadili gari ambalo mwenye mshahara angelitengeneza, kwa sababu kwake siku ya kukwama ina bei.

Na ukishaamua kuuza, liuze kwa jina lake. Najua soko lilivyo. Watu wanamwaga oili nzito ili moshi usionekane, wanafuta taa ya injini asubuhi mteja anapokuja, wanapaka rangi nyeusi juu ya kutu. Anayenunua IST namba B kwa milioni 4 mara nyingi ni mtu aliyeweka akiba miaka, anayeenda kuanza teksi au kumpeleka mama kliniki. Mwambie giaboksi inagonga, mwambie lilichemka mwaka juzi, punguza bei. Lililooza chesisi usilirudishe barabarani kabisa. Giaboksi, taa, milango, dashibodi, rimu na kompyuta yake vina wanunuzi Gerezani na Ilala, na ukiviuza kimoja kimoja unaweza kukusanya karibu na kile ambacho dalali angekupa kwa gari zima. Kadi na namba virudishwe TRA, usajili ufutwe, na chesisi iliyobaki iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.